Sifuri ya Siangwa

Kabla ya kuvuka mpaka, Nasirumbi alimfundisha mwanawe jina.

"Ukiulizwa, wewe naitwa nani?"

"Jovia."

"Hapana. Leo wewe ni Patricia. Sema."

"Patricia," Jovia alisema, akatapika kwenye bega la baba yake.

Alikuwa na miaka mitano. Alianza kuhara alfajiri, na kufika saa nne asubuhi macho yalikuwa yameingia ndani na ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Egesa, baba yake, alijua maana ya ngozi ya namna hiyo kuliko mtu yeyote pale kijijini. Yeye ndiye aliyekuwa mhudumu wa afya wa kijiji cha Siangwa. Serikali ya Uganda ilimpa fulana, baiskeli na kitabu cha fomu, ikasahau mshahara. Ni yeye aliyewafundisha majirani kufinya ngozi.

Hawakubishana waende wapi. Kituo cha afya cha upande wao kilikuwa kilomita kumi na moja, na mara ya mwisho Egesa kufika huko alikuta karatasi ukutani inayofundisha kunawa mikono, na bomba lisilo na maji chini yake. Kituo cha Akolong, upande wa Kenya, kilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na dripu zilikuwepo. Ila Akolong walitaka kadi ya bima, na kadi ilitaka Mkenya. Asiye na kadi alilipa taslimu, na mwenye taslimu hakuwa anaishi Siangwa.

Kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa na utaratibu wake, ambao haukuandikwa popote na kila mtu aliujua. Kila nyumba ilikuwa na jamaa ng'ambo, na kila mgonjwa alikuwa na jina la kuazima. Mzee Owori, mwenyekiti wa kijiji, alitibiwa sukari miaka minne kwa jina la binamu yake aliyeko Mombasa. Mwanamke mmoja alijifungua mapacha kwa kadi ya wifi yake ambaye ni mtawa, na kituo kikampongeza mtawa. Hapakuwa na aliyeona dhambi. Jina ni kama jembe, likikaa tu ndani kwa mwenyewe linaota kutu.

Jovia aliazima kwa Patricia, mtoto wa Osire na Akurut wa Akolong. Osire ni mtoto wa mjomba wake Egesa. Patricia alikuwa na miaka sita, mzima wa afya na mwenye kelele.

*

Akurut aliwasubiri langoni na kadi mkononi. Alimpokea mtoto kutoka kwa Egesa, akamweka begani kwake, na tangu hapo akawa mama. Egesa alibaki nje na baiskeli. Nasirumbi alifuata nyuma akibeba kanga za kubadilisha.

"Mama mtoto nani?" muuguzi aliuliza. Alikuwa kijana, barakoa usoni, na hakuwa amelala siku mbili.

"Ni mimi," alisema Akurut.

"Na huyu?"

"Huyu ni shangazi yake."

"Shangazi atangoja nje. Wodi imejaa, mtu mmoja kwa mgonjwa mmoja." Akamwinamia mtoto. "Unaitwa nani, mrembo?"

"Patricia," alisema Jovia. Alilisema vizuri, kwa sauti ndogo, kama alivyofundishwa.

Nasirumbi alifungua mdomo. Akurut akamkanyaga mguu, naye akaufunga na kutoka nje.

Wodi ilikuwa na dirisha la wavu upande wa nyuma, karibu na shimo la takataka. Nasirumbi alisimama hapo. Aliona wakitafuta mshipa mkono wa kulia wakaukosa, wakahamia wa kushoto, halafu mguuni. Aliona Jovia akigeuza kichwa. Alimsikia akiita "Mama", na muuguzi akamwambia Akurut, "Anakuita," na Akurut akainama akampangusa mdomo. Akurut alifanya kila kitu ambacho mama angefanya. Nasirumbi alimshukuru, na kwa wakati ule ule alitamani kumvuta nywele.

Mlinzi alimfukuza dirishani mara mbili. Mara ya tatu alikuja na rungu kwapani, si kwa ubaya, kwa kuchoka tu.

"Mama, nimesema hapa hapakaliwi. Mama yake si yuko ndani?"

"Yuko."

"Sasa wewe wasiwasi wa nini? Kwani ni wewe umemzaa?"

"Hapana," alisema Nasirumbi.

Jovia alikufa saa kumi na moja kasorobo. Muuguzi alitoka mlangoni akaita, "Mama Patricia!", kwa uchovu akisahau kwamba Mama Patricia yuko pale pale kando ya kitanda, na Akurut akapiga yowe. Nasirumbi alijua kwa yowe hilo. Alikaa chini pale pale penye takataka, na yowe lake yeye likakataa kutoka. Mlinzi alimshika mkono akamwinua.

"Pole, shangazi. Jikaze. Mama yake atakuhitaji."

*

Ugonjwa huo watu waliuita kipindupindu. Kwenye karatasi uliitwa kuhara kwa maji mengi, na wanaokufa kwa kuhara kwa maji mengi hawarudishwi kwa watu wao kukaliwa matanga. Afisa wa afya alieleza taratibu: mwili unapuliziwa dawa, unafungwa kwenye mfuko, unazikwa asubuhi chini ya usimamizi, kwenye boma lililoandikwa kwenye kadi. Boma lililoandikwa kwenye kadi lilikuwa la Osire.

Egesa aliposikia hayo alitupa baiskeli chini. "Mtoto yangu nalala kwetu," alisema. "Mimi nakwenda kumwambia huyo bwana ukweli. Sasa hivi."

Mzee Owori alikuwa amefika, naye akamshika kola, taratibu, kama anayemrekebishia shati kabla ya kuingia kanisani.

"Mwanangu, mle ndani kuna watu yetu ishirini na tisa. Yule mke ya fundi cherehani. Yule kijana ya bodaboda. Mama mzee wa kwa Nabwire. Wote wana dripu na wote wana majina ya watu. Ukisema neno moja, watawaangalia wote kadi. Watawatoa na maji ikiwa bado nusu. Utazika wangapi?"

Egesa aligeuka akatazama upande wa wodi.

"Mtoto akishakufa hana haraka," alisema Owori. "Hawa wengine ndio wana haraka."

Ulikuwa ukweli, na ndiyo maana ulikuwa mbaya. Egesa aliokota baiskeli. Usukani ulikuwa umepinda, akaunyoosha kwa goti, akarudi nyumbani kumwambia mama yake kwamba mjukuu wake atazikwa nchi nyingine.

Asubuhi gari la afya lilikuja na watu wanne waliovaa mavazi meupe kuanzia kichwani hadi miguuni. Kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba ya Osire, kupita shamba la mihogo. Akurut alikaa kwenye mkeka wa mama mfiwa. Nasirumbi alikaa nyuma, katikati ya mashangazi. Patricia mwenyewe alikuwa ameshapelekwa Malaba kwa bibi yake tangu usiku, asije akaonekana.

Naibu wa chifu alihutubia. Alisema Akolong imepoteza waridi. Alisema alimfahamu Patricia binafsi, na alikuwa mtoto mtulivu sana. Hapo wanawake wa jirani, ambao Patricia alikuwa amewavunjia vyungu viwili mwezi ule, walitazama chini. Walijua. Akolong nzima ilijua, kwa kuwa nao wakivuka kununua sukari ya bei nafuu Uganda walihifadhiwa na Siangwa wakati wa msako. Mtu hamchomi mwenziwe kwa moto ambao kesho atauhitaji.

Naibu wa chifu alimpa Akurut bahasha ya rambirambi. Akurut aliishika mikono miwili, akapiga magoti kidogo. Watu walipoondoka alimfuata Nasirumbi penye mihogo akamnyooshea.

"Mama Jovia, chukua. Ni yako."

"Imeandikwa nani?"

Akurut akatazama bahasha. Iliandikwa Familia ya Osire.

"Kaa nayo," alisema Nasirumbi. "Mimi ni shangazi."

*

Siku hiyo hiyo alikuja Swabur. Swabur alikuwa mwandishi wa redio moja ya upande wa Busia ya Uganda, mtu mwenye bidii na viatu vizuri, aliyelipwa kwa habari na si kwa mwezi. Alimhoji naibu wa chifu, akamhoji Akurut, na Akurut akalia kweli, kwani alikuwa amekaa na Jovia saa sita zile zote na mtoto alifia mkononi mwake. Kilio hicho kilirekodiwa vizuri. Halafu Swabur akamgeukia mwanamke aliyekuwa amekaa peke yake.

"Na wewe, Mama? Wewe ni mtu ya hapa?"

"Mimi natoka Siangwa."

"Siangwa ni wapi?"

Nasirumbi alinyoosha mkono. Mapaa ya Siangwa yalionekana, ng'ambo ya jiwe la mpaka na kijito ambacho siku hizi ndicho kisima chao, tangu pampu ya kijiji ilipoharibika.

"Kumbe ni Uganda." Swabur alizima kinasa sauti. "Huko hakuna ugonjwa. Nimepigia wilaya asubuhi. Wamesema vijiji vya mpakani vyote ni sifuri. Mko vizuri sana nyinyi."

"Nani amesema sifuri?"

"Ripoti. Ripoti inatoka kwenu wenyewe."

Nasirumbi alijua inatoka wapi. Inatoka kwenye meza ya nyumbani kwake.

Usiku huo alimuuliza mumewe, naye Egesa hakukataa. Alileta kitabu cha fomu akamfungulia. Kulikuwa na swali moja: wagonjwa wa kuhara uliowatuma kituo cha afya. Jina la kituo lilikuwa limeshapigwa chapa, kile cha kilomita kumi na moja. Egesa hakuwa ametuma mtu huko. Alikuwa mtu mkweli, hata kanisani walimpa kutunza ufunguo wa sadaka, kwa hiyo aliandika sifuri. Mwezi wa kwanza sifuri, mwezi wa pili sifuri. Miaka mitatu. Mwaka uliopita wilaya ilimwandikia barua ya pongezi, na fedha za kutengeneza pampu zikapelekwa eneo la Petta, ambako watu waliugua kwa majina yao wenyewe.

"Ungeandika nini?" Egesa aliuliza. "Fomu haikuuliza waliokwenda Kenya."

"Wewe ungeandika pembeni."

"Pembeni hapana nafasi."

Nasirumbi alitazama ile karatasi. Ni kweli, pembeni hapakuwa na nafasi. Alimpenda mume huyu kwa ajili ya ukweli wake, na sasa hakuweza kumtazama. Walilala migongo ikitazamana siku nyingi.

*

Habari ya Swabur ilitoka. Mtoto mmoja wa miaka sita afariki Akolong, wagonjwa wafikia hamsini na mmoja. Runinga mbili za Nairobi zilikuja zikapiga picha kaburi, na baada ya wiki mbili Akolong ikapata tangi la maji la lita elfu kumi, lililofungwa utepe. Akolong halisi ilikuwa na wagonjwa tisa. Mheshimiwa aliyekata utepe alisema takwimu hazidanganyi.

Wanawake wa Siangwa walianza kuvuka na mitungi. Mwanzoni walirudishwa. Baadaye kila mmoja akateka kwa jina la jamaa yake, na daftari la tangi likaonyesha kwamba watu wa Akolong hunywa maji kuliko ng'ombe.

Nasirumbi hakuteka hapo. Alikwenda kijitoni, akachemsha maji, akanywa. Kila Jumapili baada ya ibada alivuka hadi kwa Osire akang'oa majani kwenye kaburi. Msalaba uliandikwa Patricia, kwa rangi nyeupe, na tarehe ya kuzaliwa ya mtu mwingine. Mama mkwe wake alikataa kwenda. Alisema yeye haendi kumlilia mtoto aliye hai, ni kumtakia kifo.

Kweli Patricia alikuwa amerudi kutoka Malaba. Alikuwa akiruka kamba yadi tano kutoka kwenye msalaba wake.

*

Januari, shule zilipofunguliwa, Akurut alivuka kuja Siangwa akiwa na Patricia. Alikaa kwenye benchi la nje, akakataa chai.

"Mama Jovia, niko na shida."

"Sema, Mama Patricia."

"Shule wamemkataa mtoto. Mwalimu mkuu ameingiza jina kwa kompyuta, kompyuta imesema amefariki. Nikamwambia, mwalimu, si huyu hapa amesimama? Akasema yeye anamwona, lakini kompyuta haimwoni, na yeye hupewa pesa za wanafunzi ambao kompyuta inaona." Akurut alijipangusa uso kwa leso. "Bima pia wamemtoa. Akiugua leo hana pa kwenda. Osire anasema twende kwa Ikwap, karani wa rekodi pale kituoni. Lakini Ikwap atataka kujua nani alikufa."

"Mwambie."

"Siwezi kusema kabla sijakuuliza. Ni mtoto wako."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile mtu kusema hivyo kwa sauti, mchana. Nasirumbi aliingia ndani, akakaa kitandani kidogo, akatoka amevaa viatu.

Egesa alikuwa akiziba pancha uani. "Mnakwenda wapi?"

"Kumwandikisha Jovia."

"Mama Jovia, tulikubaliana na Mzee."

"Wewe ndiye ulikubaliana. Ile dripu ziliisha, wale watu walipona wote, sasa wanavuna mtama. Mimi naweza kungoja mpaka lini?"

"Watafunga mlango. Kijiji yote itakosa pa kutibiwa."

"Egesa, hii nchi mbili zote, hakuna karatasi hata moja iko na jina ya mtoto yangu. Hata moja. Nilimfundisha mimi kulikataa jina yake, akalikataa, akafa nalo limekataliwa. Na mimi nilisema sikumzaa." Hakuwa amemwambia mtu hilo. "Nataka liandikwe. Mara moja tu. Halafu wafunge mlango wao."

Egesa alisimama na kipande cha mpira mkononi. Aliinama akamalizia kuziba, akajaza upepo. Aliugeuza usukani wa baiskeli kuelekea njiani, akampa. "Tembea si nzuri na hiyo jua," alisema. Walimpakia Patricia kwenye kiti cha nyuma wakaisukuma.

*

Ofisi ya Ikwap ilikuwa chumba chenye dirisha moja na foleni ndefu. Ikwap alikuwa mwanamume mpole, wa mkataba, ambao ulikuwa unaisha Machi. Akurut alifunga mlango akamweleza yote. Ikwap alisikiliza, akamtazama Patricia, akamtazama Nasirumbi, akajishika kichwa.

"Madamu, unajua umeniambia nini? Mimi ndiye niliingiza wale hamsini na mmoja. Wizara walikuja. Runinga walikuja. Tangi liko pale."

"Tunajua."

"Nikiandika kwamba marehemu alikuwa Mganda mwenye kadi ya mtu, kesho kuna wakaguzi hapa. Watauliza wale wengine ni kina nani. Mimi nitaenda nyumbani, sawa, nimezoea. Lakini kadi zote za Akolong zitafungwa zichunguzwe. Za Waganda na za Wakenya."

Nje mtu alikohoa. Patricia alikuwa amegundua stepla.

"Yule aliyekufa ni mtoto yangu," alisema Nasirumbi. "Ukiwa hutaki ukaguzi, kuna njia gani ingine ya kumwandika?"

Ikwap hakuwa mtu mbaya. Alichukua kalamu kweli.

"Ana cheti cha kuzaliwa?"

"Hapana."

"Alihesabiwa kwa sensa ya Uganda?"

"Mtu ya sensa alifika mpaka mlangoni na ile simu yake kubwa. Akasema ramani inaonyesha tuko Kenya. Akarudi."

"Na ile ya Kenya?"

"Hao waliona jiwe la mpaka. Hawakuvuka."

"Kadi ya kliniki? Chanjo?"

"Alichanjwa hapa kwako. Kwa jina la Patricia."

"Ndiyo maana," alisema Ikwap, kama mtu aliyepata jibu la siku nyingi. "Kompyuta ilikuwa inaniambia Patricia amechanjwa surua mara nne." Aliweka kalamu chini. "Mama, nisikilize. Kumtoa mtu kwa wafu ni rahisi, akiwa mzima anakuja, namwona, namtoa. Lakini kumwingiza mtu kwa wafu lazima kwanza awe aliwahi kuwa hai. Huyo wako sina mahali popote panapoonyesha alikuwa hai."

"Kaburi si iko?"

"Kaburi haliko kwa mfumo."

Halafu Ikwap alivuta droo akatoa fomu moja, akaisukuma mezani bila kumtazama yeyote.

"Kuna hii. Kosa la uingizaji. Tunasema karani alikosea kitufe. Patricia anarudi shule kesho, bima inafunguka, hakuna wakaguzi. Mnatia sahihi, mzazi na shahidi mmoja."

Akurut alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, kisha akaacha kusoma. Nasirumbi alichukua karatasi akasoma mwenyewe. Ilisema kwamba tarehe kumi na nne Novemba, katika kituo cha afya cha Akolong, hapakutokea kifo cha mtoto yeyote.

"Na ile hesabu ya waliokufa?" aliuliza.

"Inarudi sifuri."

Akurut alishika kalamu, akairudisha mezani. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Mama Jovia, mimi sitii sahihi kama hutaki. Huyu atakaa nyumbani. Atanisaidia shamba. Kwani sisi tulisoma wapi."

Patricia aliposikia kukaa nyumbani aliacha stepla. "Mimi sikai nyumbani," alisema. "Mimi nina yunifomu."

Alikuwa ameivaa. Ilikuwa kubwa, ya kukulia, mikono imekunjwa mara mbili, na bila shaka Jovia angeirithi mwaka ujao au wa pili, kama alivyorithi gauni, ndara na kadi. Nasirumbi alimtazama mtoto huyo ambaye alikuwa amemchukia wiki nyingi kwa kosa la kupumua. Alitaka kuipasua fomu. Alitaka pia kumfunga mtoto vifungo vya kola, kwani vilikuwa vimeachana. Alifanya la pili.

"Tia sahihi," alimwambia Akurut.

Akurut alitia. Ikwap akageuza karatasi upande wa shahidi.

"Hapa, Mama. Jina kamili, mahali unapotoka, halafu sahihi."

Nasirumbi hakuwa mwandishi wa haraka. Aliinama juu ya meza, akaandika herufi moja moja, akikandamiza mpaka kalamu ikachora na karatasi ya chini. Nje foleni ilianza kunung'unika. Alipomaliza alibaki ameishika fomu kidogo, kisha akaitoa.

Ikwap alisoma. Akasoma tena.

"Mama, hapa nimesema jina lako. La kwenye kitambulisho."

"Hiyo ndiyo jina yangu."

"Hapa umeandika Mama Jovia."

"Ndiyo naitwa hivyo. Tangu miaka mitano. Uliza mtu yeyote."

"Niulize wapi?"

"Mahali nimeandika hapo chini," alisema Nasirumbi. "Siangwa."

Ikwap alitazama jina, akatazama lile la chini, akautazama mlango ambao watu walikuwa wameanza kuugonga. Kisheria ilimpasa aitupe fomu ile aanze nyingine. Alichukua muhuri, akaupuliza, akaupiga kando, pembeni kabisa, ili wino usifunike maandishi.

"Anayefuata," akaita.